Jirani Yako Mdogo Ana Mlinzi, Nawe Pia

Ndugu mkulima, labda mwezi huu utashuka kwenye stendi ya Machakos hapa Nairobi, gunia la viazi begani, uende kumwona mwanao Jericho au Kaloleni. Mitaa hiyo ya Eastlands ni ya makabila yote. Mluo na Mkamba hutengwa na ukuta mmoja tu. Hakuna aulizaye ardhi ile ilikuwa ya babu ya nani, kwani nyumba nyingi ni za Kaunti, na wakaaji ni wapangaji.

Lakini jioni, redio ikitaja Waogiek wa Mau, mwanao atakuuliza: "Baba, hawa wakipewa haki yao, sisi wa skimu tutafukuzwa?" Swali hilo si dogo. Yafaa uwe na jibu.

Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 yazitambua jamii za asili zilizoishi kwa kuwinda na kukusanya matunda na asali. Kifungu cha 63 chasema kwamba ardhi ya mababu zao ni ardhi ya jamii. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 yaonyesha namna ya kuiandikisha.

Nani ailinde haki hiyo? Ziko tume tatu. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu hupokea malalamiko na kuyachunguza. Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa huangalia kwamba makabila madogo hayasahauliwi. Tume ya Kitaifa ya Ardhi yaweza kuchunguza dhuluma za ardhi za zamani. Tume hizi haziamriwi na mkubwa yeyote. Zafuata Katiba na sheria tu. Raia yeyote aweza kupeleka malalamiko, Mogiek au wewe.

Lakini tume si mahakama. Angalia mambo yalivyokwenda. Mwaka 2009 Waogiek waliambiwa wahame Mau kwa siku 30. Kesi ilifika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha. Tarehe 26 Mei 2017 mahakama ilisema kwamba kuhifadhi msitu hakukuwa sababu ya kutosha kuwafukuza. Tarehe 23 Juni 2022 iliamuru Kenya iwalipe shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali na 100,000,000 kwa uchungu walioupata, na ardhi yao ipimwe na kupewa hati.

Sasa sikiliza vizuri. Mahakama haikusema wengine wafukuzwe usiku. Ilisema kwamba pale ambapo ardhi hiyo ilikodishwa kwa wengine, Serikali iwakutanishe na Waogiek wazungumze. Wasipopatana, ardhi irudi kwa Waogiek, na wale wengine walipwe fidia. Hilo ndilo jibu la mwanao: sheria hupima pande zote mbili.

Lakini hukumu kusomwa ni jambo moja, kutimizwa ni jambo jingine. Mwezi wa Novemba 2023 Waogiek waliondolewa tena Sasimwani, katika msitu wa Mau, na nyumba zao zikabomolewa. Kwa hiyo wenye haki wasilale.

Nawe ufanye nini? Kwanza, weka pamoja barua ya kugawiwa shamba, risiti za mkopo na hati yako, mahali pasipofika mchwa wala mvua. Pili, lijue kila jiwe la mpaka wako, wala usilisogeze. Tatu, tume ikiita kikao cha kusikiliza watu, nenda ukaseme ukweli wako. Nne, jirani yako asiyejua kuandika akidhulumiwa, mwandikie malalamiko yake.

Usiseme, "Hayo ni ya Waogiek." Leo ni msitu, kesho yaweza kuwa skimu, au nyumba ya mwanao kule Kaloleni. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.