Mechi ya kwanza ni ya kwenda chooni

JULAI 2021 basi la Polisi Tanzania lilipata ajali Moshi wakati timu ikitoka mazoezini. Straika wa kikosi hicho, Gerald Mdamu, akavunjika miguu yote miwili. Siku zile vijiweni na kwenye makundi ya WhatsApp swali lilikuwa moja tu: atarudi lini uwanjani?

Ni swali letu la kila wiki. Wiki sita nje, miezi mitatu nje, msimu umeisha. Tunaandika kama vile mchezaji ni gari limepelekwa gereji na fundi kaahidi Ijumaa. Sasa mfikirie mtu aliyevunjika miguu yote miwili. Mwenye mguu mmoja mbovu anapewa magongo na kujikongoja kwa ule mzima. Wa miwili hana mguu wa kuegemea. Anaanza na kujifunza kujigeuza kitandani, kuketi bila kizunguzungu, kuhama kutoka kitandani hadi kwenye kiti. Habari za mabao ziko mbali huko. Saa nane usiku anachowaza ni nani atamwamsha ampeleke msalani, na huyo mtu amemwamsha mara ngapi wiki hii.

Kwa wenzetu wenye hela pia iko hivyo. Santi Cazorla alicheza mechi yake ya mwisho Arsenal Oktoba 2016. Baada ya hapo kidonda cha upasuaji wa kifundo kikaingiwa na bakteria, wakala kipande kikubwa cha kano ya kisigino. Madaktari wakahamisha ngozi ya mkono wake, yenye tatuu ya jina la binti yake, wakaiziba nayo kifundoni. Aliwahi kuambiwa kwamba akiweza tu kutembea bustanini na mwanawe, aridhike. Mbele ya safari alirudi Villarreal mwaka 2018, akaitwa tena Hispania 2019, na 2025 akiwa na miaka 40 akaisaidia Oviedo kupanda La Liga. Watu wanakumbuka huko mwisho. Mimi nang'ang'ania hapo kwenye bustani, maana ndipo wengi wanapokwama, na ndipo alipokwama kaka yangu.

Kaka ni beki wa kati wa timu ya kijijini kwetu Kishanda, huku Muleba. Beki wa kizamani, anapiga kichwa kila kinachopita juu. Mwaka jana kwenye kombe la kugombea mbuzi aligongana na straika wa kijiji jirani, mfupa wa ugoko ukakatika. Mbuzi walichukua wao.

Bahati yake hakupelekwa kwa mganga wa kuunga mifupa, ingawa wazee wawili pale uwanjani walishaanza kumtaja jina. Nawaheshimu wazee wetu, lakini vijiti vikikazwa kupita kiasi damu haifiki mguuni, na mtu aliyevunjika mfupa anaweza kuishia kukatwa mguu. Muleba ina hospitali: Rubya, Ndolage, Kagondo. Ikishindikana unapelekwa Bukoba, au Bugando kule Mwanza, na ukipanda New Victoria pale Kemondo unalala ziwani usiku kucha mguu umeuning'iniza kama mkungu wa ndizi. Kaka hakufika huko. Alivutwa mfupa, akafungwa hogo, akapewa magongo, akarudi nyumbani.

Shida ilianzia nyumbani.

Asiyeijua Kishanda afikirie vilima na mabonde, nyumba ipo katikati ya migomba na kahawa, choo kiko nyuma huko migombani, kisima kiko bondeni. Mvua ikinyesha, na huku inanyesha kwelikweli, kile kinjia cha kwenda chooni kinakuwa sabuni. Choo chenyewe ni cha shimo, cha kuchuchumaa. Mtu mwenye hogo hadi juu ya goti anachuchumaaje? Hachuchumai. Anawekewa ndoo chumbani, na ndoo inatolewa na mdogo wetu wa darasa la sita.

Mama alipenda kupita kiasi. Chakula kitandani, maji ya kuoga kitandani, hata chaja ya simu alichomekewa. Akitaka kunyanyuka anaambiwa, "Tulia mwanangu, utauharibu." Majirani wakija kumpa pole wanamkuta amelala, wanasema pole, wanakunywa chai, wanaondoka. Beki mwenye sauti ya kupanga ukuta wa watu watano akawa anaongea kwa kunong'ona. Nilipofika likizo alikuwa na wiki ya tano hivyo. Paja la mguu ule lilikuwa limesinyaa mpaka suruali ya mazoezi inapepea.

Misuli ina tabia hiyo. Usipoitumia inaondoka haraka, na ile ya mbele ya paja ndiyo huwa ya kwanza kuaga. Ndiyo maana wataalamu wa mazoezi ya viungo hawasubiri hogo litolewe. Mgonjwa anafundishwa kukaza paja akiwa amelala, ahesabu mpaka tano, alegeze, arudie. Anachezesha vidole. Anainua mguu mzima-mzima na hogo lake. Haya yote kaka alishaelekezwa hospitali. Tatizo kila akianza, mtu anamzuia kwa huruma.

Aliyevunja mzunguko huo ni shemeji yangu, tena bila nia ya tiba. Siku moja wote walikuwa shamba, yeye ana mtoto mgongoni na moto haujawaka. Akamwekea mumewe kisu na kichane cha ndizi mapajani, akamwambia umenye hizi, mimi naenda kuchota maji. Huku kwetu mwanaume kumenya ndizi ni kituko. Kaka akamenya. Vibaya, ameacha nusu ya ndizi kwenye ganda, mikono imejaa utomvu mweusi, lakini mchana ule watu sita walikula kazi yake. Jioni akaomba kukaa nje.

Kesho yake akataka kwenda chooni mwenyewe.

Hapo ndo kijiji kilipoonyesha uwezo. Fundi seremala, beki wa pembeni mstaafu, alitengeneza stuli nzito yenye tundu katikati ikawekwa juu ya shimo. Kuchuchumaa kukaisha. Mzee wa jirani akakata miti ya mikaratusi, akachimbia nguzo pande zote mbili za kinjia na kufunga fito kwa usawa wa kiuno, kutoka mlango wa nyuma mpaka chooni. Ukiingia chumba cha mazoezi ya viungo cha hospitali kubwa utakuta vyuma viwili sambamba ambavyo mgonjwa anatembea katikati yake ameshikilia. Ni kitu kilekile, hiki cha kwetu kina magome.

Magongo nayo yalikuwa na lake. Alikuwa anayaning'inia kwa makwapa, mpaka vidole vya mkono vikaanza kufa ganzi. Kumbe gongo halitakiwi kubeba mtu kwapani, maana mishipa ya fahamu ya mkono inapita hapo. Linakaa chini ya kwapa vidole viwili au vitatu, kiwiko kimekunjwa kidogo, uzito uko kwenye viganja. Tukayashusha tundu moja. Na kwa nchi yetu ya vilima kuna sheria nyingine aliyoelekezwa: ukipanda, mguu mzima unatangulia, ukishuka, yanatangulia magongo na mguu mgonjwa. Mipira ya chini ilipoisha, fundi viatu akakata mingine kwenye tairi. Inashika tope kuliko ile ya dukani, naapa.

Safari ya kwanza ya chooni ilimchukua muda wa kuchemsha chai. Mama alisimama mlangoni ameshika kiuno na kukatazwa kusogea. Katikati kaka akateleza, fito ikalia, akabaki amening'inia. Hakuna aliyekimbia. Nilimwona mama anauma kanga. Kaka akajiinua, akaenda, akafunga mlango. Alikaa humo muda mrefu kuliko shughuli yenyewe inavyohitaji.

Baada ya hapo mambo yakaenda kwa kasi isiyo sawa. Kuoga mwenyewe kulikuja haraka. Kuvaa soksi ya mguu ule kukachukua wiki. Hogo lilipotolewa alidhani ameshinda, kumbe enka imekaza kama bawaba yenye kutu na mguu wenyewe umepauka, una magamba, hautamaniki. Daktari alimruhusu kukanyaga kidogo kidogo: kwanza kugusa tu, halafu nusu ya uzito, halafu gongo moja, ambalo linashikwa upande wa mguu mzima. Wengi wanashika upande wa mbovu, angalia mtaani kwako.

Kuna kitu kingine ambacho timu zetu za ndondo hazizungumzi. Mchezaji wa klabu ya Ligi Kuu ana mkataba, na angalau kuna mtu wa kumdai. Kule Kaitaba, Bukoba, wakati Kagera Sugar ilipokuwa inacheza Ligi Kuu, beki akianguka aliingia mtu na mkoba mbio. Beki wa kombe la mbuzi anaingiliwa na mashabiki. Mkataba hana, bima aghalabu hana, michango inapitishwa kwenye kofia siku mbili za kwanza halafu kimya. Kaka anaishi kwa bodaboda. Mguu wa kukanyagia gia ni wa kushoto, na ndio uliovunjika. Kwa hiyo kujitegemea kwake kulikuwa na maana mbili, choo na pesa, na ile ya pili ilimuuma zaidi. Shemeji aliuza kahawa ikiwa bado mbichi mtini kwa bei ya hasara, jambo ambalo kila mtu Kishanda anajua kwamba halifai na kila mtu analifanya akibanwa.

Alianza kuosha pikipiki za wenzake akiwa amekaa kwenye kigoda. Halafu kuziba pancha. Bodaboda aliipanda tena baada ya miezi kadhaa, abiria wa kwanza akiwa mdogo wetu yuleyule wa ndoo, kumpeleka shule.

Na mpira? Timu inamtaka. Hapa ndipo inabidi kuwa mkali. Kwa walioumia ligamenti ya goti na kufanyiwa upasuaji, utafiti uliochapishwa 2016 kuhusu wanamichezo wa Norway ulionyesha kwamba kila mwezi mchezaji aliosubiri, hadi kufikia mwezi wa tisa, ulipunguza hatari ya kuumia tena kwa karibu nusu. Mfupa wa ugoko ni habari nyingine, lakini kipimo kinafanana: mguu uliopona ulinganishwe na mwenzake. Uruke kwa mguu mmoja, upime umbali, uruke na mwingine. Upande wa mgonjwa usipofika walau asilimia 90 ya ule mzima, kaa benchi, hata kama kocha ni mjomba wako.

Mashine za kupimia nguvu hatuna. Kuna fundi cherehani. Kila Jumapili baada ya misa kaka anapita kwake, anakaa kwenye benchi, fundi anahesabu sentimita 10 juu ya kikombe cha goti na kuzungusha tepu kwenye paja, kushoto halafu kulia, anaandika nyuma ya daftari la vipimo vya sare za shule. Tofauti ilianza sentimita nne. Asubuhi anashuka kisimani na dumu tupu, anapanda na dumu limejaa, kwanza la lita 5, siku hizi la 20. Fito za mikaratusi bado zipo. Watoto wanabembea na mama anaanikia nguo.

Jumapili iliyopita tepu ilisoma tofauti ya sentimita moja na nusu. Usajili wa kombe la mbuzi unafungwa mwisho wa mwezi, na jina lake tayari limeandikwa kwa penseli. Mama bado hajaambiwa.