Kabla ya Kuunda, Tembelea Mtumiaji: Mafunzo ya Ubunifu wa Bidhaa Yanavyomhusu Mwananchi

Chombo kinaweza kutengenezwa kwa ustadi, kikapakwa rangi vizuri, na bado kikaachwa nyuma ya nyumba wiki moja baada ya kupokelewa. Mara nyingi fundi hana kosa katika kuchomelea wala kupima. Kosa hutokea mapema zaidi, pale mbunifu anapoamua kile ambacho watu wanahitaji bila kufika wanakoishi.

Ndiyo sababu vyuo vingi vinavyofundisha ubunifu wa bidhaa sasa humtoa mwanafunzi darasani na kumpeleka kwa mtumiaji. Njia mbili hutumika: ethnografia na ushirikishaji wa watumiaji. Makala haya yanaeleza maana ya njia hizo, jinsi zinavyofanya kazi, na haki za mwananchi ambaye wanafunzi wanabisha hodi kwake.

Ethnografia ni nini?

Ethnografia ni utaratibu wa kujifunza maisha ya watu kwa kukaa nao, kutazama wanayofanya na kusikiliza wanavyoyaeleza wenyewe. Ulianza kwa wataalamu wanaochunguza mila na desturi za jamii, kisha ukachukuliwa na wabunifu wa bidhaa.

Chukua mfano wa mwanafunzi aliyepewa kazi ya kubuni mkokoteni mdogo wa kubebea mitungi ya maji ya lita 20. Akiwauliza watu maswali kwa karatasi, ataambiwa mkokoteni uwe imara na wa bei nafuu. Jibu hilo ni la kweli, lakini halimsaidii sana. Akiandamana na mama anayechota maji, ataona mengine: njia ina mawe na mtelemko, lango la boma ni jembamba, siku za shule mama huenda peke yake, na gurudumu likipata pancha fundi wa karibu ni yule wa baiskeli. Mambo hayo ndiyo yatakayoamua upana wa mkokoteni, aina ya gurudumu na urefu wa mpini.

Watu hawafichi habari hizi kwa makusudi. Jambo la kila siku huzoeleka hata likakosa kutajwa.

Ushirikishaji wa watumiaji ni nini?

Kutazama peke yake hakutoshi. Ushirikishaji humpa mtumiaji nafasi ya kuamua: anachagua kati ya michoro, anajaribu kielelezo, anakataa kisichofaa na kupendekeza badala yake.

Njia hii ilipata nguvu katika nchi za Skandinavia miaka ya 1970. Nchini Norway, mtaalamu wa kompyuta Kristen Nygaard alishirikiana na chama cha wafanyakazi wa chuma ili wafanyakazi wawe na usemi kuhusu mitambo ya kompyuta iliyokuwa ikiingia viwandani. Kati ya mwaka 1981 na 1985, mradi ulioitwa UTOPIA uliwaleta pamoja wabunifu na wafanyakazi wa uchapishaji wa magazeti. Kwa kuwa mashine walizozifikiria hazikuwa tayari, waliziigiza kwa maboksi ya karatasi ngumu na vipande vya mbao, wakafanya kazi zao juu ya maboksi hayo na kueleza kinachokwaza. Funzo hilo linafaa hata chuo chenye bajeti ndogo: boksi tupu linatosha kuanza mazungumzo, na kulibadilisha ni rahisi kuliko kubadilisha chuma kilichokwisha kuchomelewa.

Kiti kilichosahihishwa na wenye kukikalia

Mfano mmoja una uhusiano wa moja kwa moja na Afrika Mashariki. Mwaka 2005, Amos Winter, aliyekuwa mwanafunzi wa uhandisi katika chuo cha MIT nchini Marekani, alikuja Tanzania kuchunguza hali ya viti vya magurudumu. Alikuta viti vya kawaida vinafaa sakafu na lami, lakini vinachosha kwenye vumbi, matope na milima. Baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono zilifaa safari ndefu, ila ni kubwa mno kuingia nyumbani. Kwa mtu anayeishi mbali na barabara ya lami, pengo hilo ndilo linaloamua kama atafika shuleni, kazini au sokoni.

Kutokana na uchunguzi huo, kilibuniwa kiti chenye wenzo mbili za kusukuma kwa mikono. Mtumiaji akishika wenzo juu hupata nguvu zaidi ya kupanda mlima. Akishika chini huenda kasi kwenye tambarare. Ndani ya nyumba wenzo huchomolewa na kiti hutumika kama kile cha kawaida. Sehemu zinazosogea zilitokana na vipuri vya baiskeli, ili zipatikane na kutengenezwa hata vijijini.

Hata hivyo, kielelezo cha kwanza kilipojaribiwa Afrika Mashariki, watumiaji walikikosoa bila kusita. Kilikuwa na uzito wa karibu kilo 30, na upana wake ulifanya kiwe kigumu kutumia ndani ya nyumba. Ukosoaji huo ulichukuliwa kama maagizo ya kazi. Toleo lililofuata, lililojaribiwa Guatemala, lilipunguzwa takriban kilo 9 na kufanywa jembamba. Winter alianzisha pia somo la kubuni viti vya magurudumu katika chuo chake, ambapo wanafunzi walifanya kazi pamoja na karakana za nchi zinazoendelea.

Mama na kipimo cha joto

Mwaka 2007, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walipewa kazi ya kubuni inkubeta ya bei nafuu kwa watoto wanaozaliwa kabla ya wakati. Mmoja wao alisafiri hadi Nepal na kukuta inkubeta zikiwa tupu katika hospitali ya Kathmandu, kwa sababu watoto wengi waliozihitaji walikuwa wakizaliwa vijijini, mbali na hospitali. Swali likabadilika. Badala ya kuuliza namna ya kupunguza bei ya inkubeta, wanafunzi waliuliza namna ya kumpa mama wa kijijini joto la kumtunza mtoto wake. Walibuni mfuko mdogo wenye pakiti ya dutu inayofanana na nta, ambayo ikishapashwa joto hubaki karibu nyuzi 37 kwa saa kadhaa bila umeme.

Bidhaa hiyo ilipopelekwa India kwa majaribio, mama mmoja alieleza kwamba dawa za kisasa huonekana kali, hivyo watu hupunguza kipimo ili kumlinda mtoto. Kwa mantiki hiyo, akiambiwa joto lifike nyuzi 37, angeliweka chini kidogo. Waliondoa tarakimu na kuweka alama inayoonyesha tu kama pakiti iko sawa au haiko sawa. Hakuna hesabu ya maabara ambayo ingegundua hatari hiyo.

Jiko linalojulikana na kila nyumba

Wakenya hawana haja ya kutazama mbali. Jiko la kauri la makaa lililoenea nchini tangu miaka ya 1980 lilichukua wazo kutoka Thailand, lakini halikunakiliwa lilivyo. Udongo uliochomwa uliwekwa sehemu ya juu pekee, jambo lililopunguza uzito, na kitako kikawa kipana ili jiko lisipinduke ugali unaposongwa. Mafundi wa jua kali waliweza kulitengeneza kwa bati na vifaa walivyokuwa navyo. Mpishi na fundi wote wawili walizingatiwa, na ndiyo sababu jiko hilo bado liko sokoni.

Kinyume chake ni pampu ya maji iliyoendeshwa na watoto wakicheza kwenye bembea ya kuzunguka, iliyosambazwa kusini mwa Afrika katika miaka ya 2000. Wafadhili walitoa mamilioni ya dola. Watoto walipokuwa hawapo, akina mama walilazimika kuzungusha bembea wenyewe, kazi nzito kuliko pampu ya mkono waliyoizoea.

Hatua ambazo mwanafunzi hufuata

Katika mafunzo ya aina hii, kazi hupangwa hivi:

1. Kutembelea watumiaji, kutazama na kuandika yaliyoonekana, bila kuonyesha suluhisho lolote.
2. Kurudisha matokeo kwa watumiaji ili wathibitishe au wasahihishe yaliyoandikwa.
3. Kuchora pamoja nao na kuigiza bidhaa kwa maboksi, mbao au waya.
4. Kuwaachia kielelezo wakitumie katika kazi zao za kawaida, kwa siku kadhaa.
5. Kurekebisha na kurudia majaribio hadi watumiaji waridhike.

Mwalimu hutathmini daftari la matembezi na mabadiliko yaliyofanywa baada ya kila jaribio, pamoja na bidhaa yenyewe.

Haki za mwananchi anayetembelewa

Ibara ya 31 ya Katiba inalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka mtu aelezwe taarifa zake zinakusanywa kwa madhumuni gani. Kwa hiyo mwananchi anayetembelewa na wanafunzi:

• anaweza kuomba barua ya utambulisho kutoka chuoni kabla ya kuwakaribisha;
• anaweza kukataa kupigwa picha au kurekodiwa, na anaweza kuondoa ridhaa yake baadaye;
• picha na taarifa za mtoto zinahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi;
• anaweza kuwasilisha malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data iwapo taarifa zake zimetumiwa vibaya.

Ni vyema pia kuuliza mapema iwapo muda atakaoutoa utafidiwa, na kama ataonyeshwa bidhaa itakapokamilika.

Kwa nini jambo hili linahusu kaunti

Jedwali la Nne la Katiba linaweka vyuo vya ufundi vya vijiji chini ya serikali za kaunti. Vyuo hivyo viko karibu na watumiaji kuliko chuo kikuu chochote: mkulima, mchuuzi wa sokoni, mhudumu wa bodaboda na mtu mwenye ulemavu wote ni majirani. Wakufunzi wanaweza kuanza na kazi moja ya muhula, kwa kuwataka wanafunzi wamtembelee mtumiaji mmoja angalau mara tatu kabla ya kukata chuma au ubao.

Wananchi nao wana sehemu yao. Mkazi mwenye kifaa kinachomsumbua shambani, jikoni au kazini anaweza kukipeleka katika chuo cha ufundi kilicho karibu na kuwaeleza wakufunzi kinamsumbua wapi. Na mwanafunzi akifika na kielelezo chake, aambiwe ukweli. Kusifia kitu kibovu kwa ajili ya heshima humnyima fursa ya kukirekebisha, na atakayebaki na kifaa kisichofaa ni mtumiaji.