Mlevi anayeacha pombe asifungiwe chumbani

Kwamba pombe ni haramu, msomaji wa ukurasa huu hahitaji kuelezwa tena. Leo tuseme lile linalofichwa majumbani mwetu: mtu wa nyumba aliyezama katika ulevi anataka kutubu, na nduguze, kwa nia njema kabisa, wanamfungia chumbani mpaka pombe imtoke mwilini.

Nia hiyo yaweza kuua. Mwili ulionyweshwa pombe nyingi kila siku kwa miaka huwa umekwisha kuitegemea. Ikikatwa ghafla, baina ya saa 6 na 24 mikono hutetemeka, jasho humtoka na moyo humwenda mbio. Wengine hupatwa na degedege katika siku 2 za mwanzo. Wachache, hasa baina ya siku ya 2 na ya 4, huweweseka: hawajui walipo, huona wadudu wakitambaa ukutani, na joto la mwili hupanda. Hapo ndipo husemwa kapandwa na jini. Kumsomea si vibaya, lakini na asomewe akiwa hospitali.

Hutokea pia mgonjwa kalazwa kwa mguu uliovunjika, na siku ya tatu akaanza kuweweseka wodini. Daktari hakuuliza habari ya pombe kwa kuwa mgonjwa aitwa Abdallah. Au aliuliza, na mke aliyesimama kando ya kitanda akakana kwa haya. Kumsitiri Mwislamu ni katika mafunzo ya dini yetu, ila tabibu si mtu wa kufichwa.

Naye tabibu aulize pasi na kukemea. Shirika la Afya Duniani lina maswali 10, yajulikanayo kama AUDIT, yaliyotokana na utafiti wa nchi 6, Kenya ikiwamo. Anywa mara ngapi? Akianza, hushindwa kukoma? Huhitaji pombe asubuhi ili aweze kuianza siku? Alama za juu kabisa ni 40. Kuanzia 20 huashiria kwamba huenda amekwisha kuwa mraibu. Swali zito zaidi ni hili: alipojaribu kuacha zamani, alipata degedege? Aliyewahi kupata asiachishwe nyumbani.

Hospitali hupewa diazepamu kwa kipimo kinachopunguzwa siku hadi siku, kwa takriban wiki moja, pamoja na sindano ya vitamini B1, ambayo yapasa itangulie dripu ya sukari ili ubongo usidhurike. Kazi ndefu huja baadaye: ushauri nasaha, na dawa za kupunguza hamu kama naltreksoni. Ipo pia disulfiramu, ambayo mtu akinywa pombe juu yake hutapika na moyo humdunda. Anayefikiri kumtilia mumewe dawa hiyo katika chai kwa siri na aache, yaweza kumuua.

Imepokewa na Bukhari kwamba mtu mmoja aliletwa mara nyingi kwa Mtume (S.A.W.) kwa kosa la kunywa. Mmoja wa waliohudhuria alipomlaani, Mtume alimkataza.

Basi mkimfikisha hospitali, mwambieni daktari anakunywa nini, kiasi gani, na saa ngapi alikunywa mara ya mwisho. Kama ni gongo, semeni gongo.