Vidoa Vikitoweka, Samaki Bado Hajapona

Siku hizi si ajabu kukuta tangi la samaki wa mapambo sebuleni, hotelini au hata saluni. Watoto huwapa samaki majina, na baba mwenye nyumba hukaa mbele yao jioni akipumzisha macho. Kisha asubuhi moja samaki mmoja anaonekana kama aliyenyunyiziwa chumvi. Amebana mapezi, anajisugua kwenye mawe. Hapo wengi humwaga maji yote na kujaza mengine moja kwa moja kutoka bombani. Jioni samaki anaelea tumbo juu.

Huo ni ugonjwa wa vidoa vyeupe. Huletwa na kimelea kiitwacho Ichthyophthirius multifiliis, ambacho hupenya chini ya ngozi na kwenye matamvua na kujilisha humo. Kikishiba hudondoka, hujishikiza chini ya tangi, hujifunika kwa utando na kujigawa. Humo hutoka vimelea vipya kwa mamia, vikiogelea kutafuta samaki. Visipompata katika siku mbili hivi, hufa.

Basi shika neno hili: kimelea kilicho ndani ya ngozi dawa haikifikii, wala kile kilichojifunika chini. Kinachouawa ni kile kinachoogelea. Kwa hiyo vidoa vikitoweka usishangilie. Adui ameshuka kuzaliana.

Ufanyeje? Kila siku badilisha robo tu ya maji. Maji mapya yawe yamekaa ndoo wazi kwa siku nzima ili klorini iondoke, na joto lake lilingane na la tangini. Tia chumvi gramu 2 kwa kila lita. Tangi la lita 50 litachukua gramu 100. Iyeyushe kwanza, uitie kidogo kidogo kwa siku mbili, na kila ubadilishapo maji urudishe kiasi kilichotoka. Wenye jamii ya kambale wapunguze, maana hao hawavumilii chumvi nyingi. Pandisha joto polepole hadi nyuzi 28 au 30, na pampu ya hewa isizimwe, kwani maji ya uvuguvugu hushika oksijeni kidogo.

Walio Nairobi na Arusha wawe waangalifu zaidi baridi ya Julai inapoingia. Maji yakipoa ghafla samaki hudhoofika, na kimelea huchukua majuma kumaliza mzunguko ambao katika joto la Mombasa au Dar es Salaam humalizika kwa siku chache. Asiye na kifaa cha kupashia maji itambidi auguze muda mrefu zaidi. Mwenye nacho aendelee siku 10 baada ya kidoa cha mwisho kutoweka.

Mwisho, samaki mgeni kutoka dukani akae peke yake majuma matatu kabla ya kuchanganywa na wenyeji. Mara nyingi ugonjwa huu huingia nyumbani pamoja naye, ndani ya mfuko uleule wa plastiki.