Mji wa Mzee na Kiwanja cha Kijiji

Mtu akipita leo katika mitaa ya Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, anaona nyumba za matofali na bati zikifuata barabara. Nikiuliza nani alikaa hapa mwanzo, jibu la kawaida ni hili: "Ni sisi, tangu vijiji." Jibu hilo linaruka kipindi kirefu.

Zamani, kwa Wakurya na majirani zao, mji ulikuwa wa mzee mmoja. Katikati zizi la ng'ombe, kulizunguka nyumba za msonge za udongo na nyasi, kila mke na yake, na vijana wakilala karibu na lango, kwani mwizi wa mifugo hakawii. Kati ya mji na mji palikuwa na mashamba na malisho. Nyumba hizo hazikujengwa zidumu. Malisho yakichoka, mzee alihama na watu wake, na palipokuwa zizi pakalimwa ulezi (na ulistawi kweli, kwa samadi ile). Lakini kuhama hakukuwa kupoteza. Mahame yalibaki ya ukoo.

Mwaka 1974 Operesheni Vijiji ikafika Mara. Watu walikusanywa, nyumba zikapangwa kwa mistari, na wengi wakagawiwa viwanja juu ya mahame ya wenzao. Kwa hiyo ardhi moja ikapata wenyeji wa kwanza wawili, na kila mmoja anasema kweli.

Wakati mashamba yalikuwa mengi, jambo hili halikusumbua. Linasumbua mji unapopanuka na wapimaji kuja na bikoni zao. Mahakama ya Rufani ilisema mwaka 1994, katika shauri lililotoka Arusha, kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba. Lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 15, iliidhinisha ugawaji uliofanywa kati ya Januari 1970 na Desemba 1977, hata ule uliokiuka sheria, na kufuta haki zilizotangulia.

Basi mzee anayeonyesha mstari wa minyaa na kusema zizi la baba yake lilikuwa hapo, kwa kawaida hana dai mbele ya aliyegawiwa. Mimi naona hilo ni gumu kumeza, ingawa bila kifungu hicho kesi zisingekwisha. Wenye viwanja nao wasilale: mgao wa mwaka 1974 mara nyingi ulikuwa wa mdomo, na mashahidi wake sasa ni wazee sana. Maelezo yao yaandikwe kijijini mapema, kabla bikoni hazijachimbiwa.