Kuwepo Si Kufanya Kazi: Jinsi Dopamini Ilivyothibitishwa

Katika fonolojia tunafundishwa mapema kwamba kusikia sauti ndani ya lugha hakutoshi kuiita fonimu. Sharti uibadilishe, kisha uone kama maana inabadilika. Ndiyo maana Kiswahili sanifu hutofautisha kura na kula, ingawa wengi wetu huku Congo tunachanganya r na l.

Kanuni hiyo ilinirudia nyumbani, babu yangu alipoanza kutetemeka mkono na kuburuta miguu. Wengine katika ukoo walisema amerogwa. Daktari alisema ni ugonjwa wa Parkinson: ubongo umepungukiwa dopamini. Baba mdogo akaniuliza, "Wewe uko chuoni. Nani alithibitisha kwamba hiyo dopamini inafanya kazi?"

Dopamini ni nyurotransmita, yaani kemikali inayopeleka ujumbe kutoka seli moja ya neva hadi nyingine. Zamani wanasayansi waliijua, lakini waliidhania kuwa ni hatua tu ya mwili kutengeneza kemikali nyingine, noradrenalini. Arvid Carlsson wa Sweden na wenzake waliwapa sungura reserpini, dawa inayomaliza akiba ya kemikali hizi katika neva. Sungura wakalala bila kusogea. Walipodungwa L-DOPA, ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini, wakaamka na kutembea. Hayo yalichapishwa mwaka 1957. Jambo la ajabu ni kwamba noradrenalini haikuwa imerudi katika ubongo wao. Mwaka 1958 wakaonyesha kwamba dopamini yenyewe imo ubongoni, hutoweka kwa reserpini na hurudi kwa L-DOPA.

Hata hivyo, mwaka 1960 wataalamu wengi waliokutana London hawakukubali, kwa sababu masharti ni mengi. Seli ya neva itengeneze kemikali hiyo na kuihifadhi. Iiachie inaposisimuliwa. Mtafiti akiiweka mwenyewe, matokeo yawe yale yale. Kipokezi chake kikizibwa, matokeo yakome. Tena pawe na njia ya kuiondoa, ili ujumbe usiendelee bila mwisho. Sharti moja likitimia peke yake halithibitishi kitu, kama vile sauti kusikika tu haithibitishi fonimu.

Ushahidi uliongezeka. Mwaka huohuo wa 1960, Ehringer na Hornykiewicz wa Vienna walipima ubongo wa marehemu waliougua Parkinson, wakakuta dopamini imepungua sana katika sehemu inayosaidia kuongoza mwendo. Mwaka uliofuata wagonjwa walianza kudungwa L-DOPA. Carlsson alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2000.

Nilimweleza baba mdogo kwa ufupi: waliiondoa, mnyama akakwama, wakaifanya irudi, akatembea. Nikamwambia pia ukweli kwamba dawa hiyo hupunguza dalili tu, haiponyi. Alinyamaza kidogo. Halafu hakutaja tena uchawi, aliuliza bei.