Anayesimamia Magari, Naye Husimamiwa na Nani?

Chama cha kitaaluma cha wasimamizi wa usafirishaji ni umoja wa watu wanaopanga safari za magari, treni, meli na mizigo. Si wenye vyombo hivyo, wala si wanaoviendesha. Mwanachama wake ni yule anayeamua lori lipi litoke leo, dereva gani apumzike, tairi ipi ing'olewe na mzigo upite njia gani. Hujiunga kwa jina lake mwenyewe, si kwa jina la kampuni inayomlipa mshahara. Akihama kazi, uanachama anaondoka nao.

Kisesa, mji mdogo wa Wilaya ya Magu ulio takriban kilomita 20 mashariki ya Jiji la Mwanza, ni mahali pazuri pa kuitazama tofauti hiyo. Daladala za mjini hufika hapo kupitia Igoma. Mabasi na malori ya Musoma na mpaka wa Sirari hupita katika barabara hiyohiyo, na malori yasiyo na shughuli mjini huingia kwa barabara ya mchepuko kutoka Usagara. Katikati yao wapo bodaboda. Karibu kila kundi lina umoja wake: kijiwe cha bodaboda huwa na mwenyekiti, katibu na mweka hazina, wenye mabasi wana TABOA, wenye malori wana TATOA, na wenye malori machache wana TAMSTOA. Madereva nao wana vyama vyao. Katika yote hayo mtu huingia kwa kuwa na kitu mkononi, ama kadi ya gari, ama pikipiki, ama usukani. Chama cha wasimamizi huuliza swali jingine: mtu huyu anajua nini, na je, anaaminika?

Sheria nayo huvitenga vyama hivi. Chama cha wafanyakazi husajiliwa chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, inayotaka angalau wafanyakazi 20 ili kukianzisha, na waajiri 4 tu kwa chama cha waajiri. Umoja wa kitaaluma kwa kawaida hupita mlango mwingine, yaani Sheria ya Vyama, Sura ya 337, iliyo chini ya Msajili wa Vyama katika Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Wengine huchagua kusajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kama kampuni yenye ukomo wa dhamana, ile isiyo na hisa wala gawio. Njia yoyote itakayofuatwa, chama hakipati mamlaka juu ya gari hata moja. Leseni za usafirishaji wa nchi kavu hutolewa na LATRA, iliyoundwa kwa Sheria Na. 3 ya 2019 na kuchukua kazi za mamlaka iliyoitangulia, SUMATRA, upande wa ardhini. Vyombo vya majini, pamoja na vile vya Ziwa Victoria, viko chini ya TASAC. Trafiki hawatamuuliza mtu kadi ya chama chake.

Chama kongwe na kikubwa cha aina hii ni CILT, Taasisi ya Lojistiki na Usafirishaji yenye hati ya kifalme. Kilizaliwa London mwaka 1919 kwa jina la Taasisi ya Usafirishaji, Vita Kuu ya Kwanza ilipokuwa imekwisha na serikali ya Uingereza ikijaribu kuweka reli, bandari na malori chini ya wizara moja mpya. Rais wake wa kwanza, Sir Eric Geddes, ndiye pia aliyekuwa waziri wa kwanza wa wizara hiyo, jambo ambalo leo lingezua maswali mengi kuhusu mgongano wa maslahi. Hati ya kifalme ilipatikana mwaka 1926. Mwaka 1999 upande wake wa Uingereza uliungana na taasisi ya lojistiki ya huko, na sasa taasisi nzima ina wanachama zaidi ya 30,000 katika nchi zaidi ya 30, Tanzania, Kenya na Uganda zikiwamo.

Hati hiyo si pambo la ukutani. Ndiyo katiba mama ya taasisi: inaeleza kwa nini taasisi ipo, na haiwezi kubadilishwa na wanachama peke yao bila idhini ya Baraza la Faragha la Uingereza. Chini yake zipo kanuni ndogo ambazo ni rahisi zaidi kuzibadili. Mpangilio huo wa ngazi mbili, sheria ngumu juu na kanuni nyepesi chini, umeigwa na vyama vingi vya kitaaluma visivyo na hati yoyote ya mfalme. Makusudi yake yanaeleweka: viongozi wapya waweze kubadili kiwango cha ada bila kuweza kukigeuza chama kuwa duka lao.

Uongozi huanzia kwenye madaraja ya uanachama. Katika CILT mwanafunzi huingia chini kabisa, kisha wapo wanachama wa kawaida, halafu wanachama wenye hadhi ya hati, na juu yao wanachama waandamizi. Kupanda daraja hutegemea elimu, miaka ya kazi ya usimamizi na ushahidi wa kuendelea kujifunza. Hapa ndipo nguvu ya chama ilipo. Chama kisichoweza kumnyima mtu leseni kina kitu kimoja tu cha kumpa au kumnyima, nacho ni zile herufi zinazofuata jina lake. Zikitolewa kwa urahisi, hazina thamani tena, na mwajiri hatakuwa na sababu ya kuziuliza. Kwa hiyo kamati ya uanachama, ambayo mara nyingi huonekana kama ya makaratasi tu, ina uzito zaidi hata kuliko kiti cha rais.

Juu ya kamati lipo baraza linalochaguliwa na mkutano mkuu wa mwaka. Kwa desturi wajumbe hawaondoki wote kwa pamoja. Sehemu yao hustaafu kila mwaka ili wageni wapate wenyeji wa kuwaonyesha kazi. Rais huwa sura ya chama kwa muda mfupi, na kazi za kila siku hushikwa na katibu mtendaji anayelipwa. Mkutano mkuu hupokea hesabu zilizokaguliwa, huteua mkaguzi, hupitisha ada na kuchagua baraza, mradi akidi imetimia. Akidi ndiyo huumiza vyama vidogo, kwa kuwa meneja wa malori hawezi kuacha magari kumi njiani ili akapige kura Dar es Salaam.

Udhaifu mwingine haupo kwenye katiba bali kwenye risiti. Waajiri wakubwa, kama mashirika ya bandari, reli na kampuni za mafuta, mara nyingi huwalipia ada wafanyakazi wao. Hilo ni jambo jema, ila kampuni moja ikilipia watu arobaini katika chama chenye wapiga kura mia moja, uchaguzi umekwisha nusu kabla ya masanduku kufunguliwa. Vyama makini huweka kikomo cha wajumbe wa baraza kutoka kwa mwajiri mmoja, na humtaka mjumbe atoke chumbani pale jambo la kampuni yake linapojadiliwa.

Kamati ya maadili ndiyo inayojaribiwa zaidi. Kando ya Ziwa Victoria hakuna haja ya kutafuta mifano mbali. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na hesabu rasmi ya waliokufa inakaribia 900. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kubeba watu 101, kilipinduka kikikaribia Ukara, na zaidi ya watu 220 wakafa. Vyombo vyote viwili vilikuwa vimezidisha abiria. Kanuni za maadili za wasimamizi huandikwa kwa ajili ya saa kama zile, pale anayesimamia safari anapoona watu wamezidi huku foleni bado ndefu na mkubwa wake anataka chombo king'oe nanga. Humwambia mwanachama kwamba usalama wa watu unatangulia amri ya mwajiri. Akikiuka, chama kinaweza kumwonya, kumsimamisha au kulifuta jina lake baada ya kumsikiliza, naye ana haki ya kukata rufaa. Zaidi ya hapo chama hakina la kufanya. Mengine ni ya mahakama. Na kwa asiye mwanachama hakina hata onyo.

Pengo hilo linaonekana wazi Tanzania. Mhasibu husajiliwa na NBAA, iliyoanzishwa kwa sheria ya 1972, na ofisa ununuzi husajiliwa na PSPTB kwa sheria ya 2007. Dereva wa gari la biashara hutahiniwa na kuthibitishwa na LATRA. Meneja anayempangia dereva huyo saa za kuendesha hana bodi ya namna hiyo. Elimu ya kazi yake ipo: Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, cha Mabibo, Dar es Salaam, kimekuwa kikifundisha tangu 1975. Lakini cheti cha chuo hutolewa mara moja tu, wala hakiwezi kunyang'anywa kwa uzembe wa kazini. Ulaya imefunga pengo hilo kwa sheria: Kanuni Na. 1071 ya 2009 ya Umoja wa Ulaya hulazimisha kila kampuni ya usafirishaji wa barabarani kumtaja meneja mmoja mwenye cheti cha umahiri na sifa njema. Meneja wa kukodi hawezi kuhudumia zaidi ya kampuni nne, wala magari yote kwa jumla kuzidi 50. Sifa yake ikitiwa doa, kampuni nayo iko hatarini kupoteza leseni. Kenya iliingilia kwa mlango tofauti: kanuni za 2014 za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama ya huko, ziliwataka wenye matatu, yaani daladala za Kenya, kuwa chini ya ushirika au kampuni yenye magari yasiyopungua 30, ili kuwe na ofisi ya kuulizwa.

Wazo la kumtenga mwenye mali na mwenye kuongoza safari si geni kwa Wasukuma, wenyeji wa eneo la Kisesa. Katika misafara ya karne ya 19, walipobeba mizigo pamoja na Wanyamwezi kwenda pwani, tajiri wa msafara alikuwa mmoja na kirangozi alikuwa mwingine: mzoefu aliyekubalika kwa wapagazi, akitangulia mbele na kuweka mwendo. Kisesa kwenyewe, Makumbusho ya Bujora yaliyoanzishwa na Padre David Clement huhifadhi kumbukumbu za Bagika na Bagalu, vyama vya ngoma ambavyo, kama chama cha kitaaluma, mtu aliingia kwa kupokewa, si kwa kuzaliwa.

Kwa meneja wa malori aliyeko Kisesa leo, kujiunga maana yake ni kujaza fomu, kuambatanisha vyeti na maelezo ya kazi, kupata wadhamini wanaomfahamu kikazi, kusubiri kamati impangie daraja, kisha kulipa ada kila mwaka. Asipolipa, jina lake hutolewa kwenye daftari hata kama kazi yake haina kasoro. Mafunzo na mikutano mingi huwa Dar es Salaam, ingawa mingine sasa hufanyika kwa mtandao. Hapo ndipo matawi ya mikoa yanapohitajika, kwa kuwa baraza lililo mbali haliwezi kumjua meneja wa barabara ya Sirari, wala kupata habari siku atakapoachia lori lenye breki mbovu litoke gereji.